Börek na njia za maji: niliyojifunza jikoni Ankara

Mgeni anayeonja börek, chakula cha Kituruki cha matabaka membamba ya unga yenye ujazo ndani, kwa mara ya kwanza huuliza kilichotiwa ndani, kama ni jibini, spinachi au nyama ya kusaga, ilhali mwanamke wa Kituruki aliyeipika huinua ukingo wa kipande kwa uma na kutazama jinsi matabaka yalivyoachana. Nilifika Ankara kusoma nikiwa na swali la huyo mgeni, na nikaondoka nikiwa na jicho la huyo mwenyeji. Miaka niliyoishi pale ilinijengea imani moja ambayo jiko langu limeithibitisha tena na tena: kupika börek ni kazi ya kuyaongoza maji. Unga, samli, mayai na jibini vina nafasi yake, lakini kinachoamua kama matabaka yataachana au yatagandamana, na kama sehemu ya chini italainika vizuri au italowa, ni maji yaliingia wakati gani, yalikaa wapi, na yalipewa njia gani ya kutoka.

Börek ni jina la vyakula vingi vinavyofanana. Kuna ya sinia, ambayo matabaka yake hupangwa kwenye sinia na kukatwa vipande vya mraba. Kuna nyembamba zinazoviringishwa na kukaangwa, nazo huitwa sigara böreği. Kuna zinazokunjwa mfano wa waridi. Kuna kol böreği, ndefu na nene, inayouzwa kwa uzani madukani. Na kuna su böreği, ambayo nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko zote. Zipo pia za sukari, kama ile ya watu wa pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi inayotiwa krimu ya maziwa, lakini mimi nazungumzia za chumvi. Vyakula hivi vilienea katika nchi zilizotawaliwa na dola ya Osmani, na hadi leo Bosnia, Albania, Ugiriki na Algeria kila moja ina namna yake. Nyumbani Uturuki börek huliwa asubuhi pamoja na chai, huandaliwa kwa ajili ya sikukuu za Idi, hubebwa kupelekewa wafiwa, na ni nadra kukosekana pale wanawake wanapokusanyika alasiri katika nyumba ya mmoja wao.

Mwalimu wangu alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke mtu mzima aliyezaliwa katika kijiji kimoja cha mkoa wa Yozgat na kuhamia Ankara baada ya kuolewa. Nilimwita teyze, yaani mama mdogo, kama walivyomwita vijana wote wa jengo letu, naye aliniita kızım, yaani binti yangu, tangu siku aliposikia kwamba mama yangu yuko mbali. Hakuwa na mizani jikoni. Kipimo chake kikubwa kilikuwa glasi ya maji, ambayo katika mapishi ya Kituruki huchukuliwa kuwa mililita 200, na kipimo kidogo kilikuwa glasi ya chai, ambayo ni nusu yake. Nilipomwuliza kiasi cha unga alinijibu kwa maneno ambayo baadaye niliyakuta hata katika vitabu vya mapishi: aldığı kadar, tia unga kadiri maji yatakavyochukua.

Jibu hilo lina elimu kubwa ndani yake. Sisi wengi tuliofundishwa kupika kwa kipimo huanza na unga, kisha tukauongezea maji. Teyze alianza na maji. Aliyapima kwenye beseni pamoja na chumvi, kisha akanyunyiza unga huku mkono wake mmoja ukikoroga, akaacha kuongeza pale mkono ulipomwambia. Unga wa ngano hubadilika kulingana na aina ya ngano, kiasi cha protini kilichomo, na unyevu wa mahali ulipohifadhiwa, kwa hiyo unga wa mfuko huu unaweza kunywa maji mengi kuliko wa mfuko ule. Maji hayabadiliki, na ndiyo maana aliyafanya kuwa nguzo ya hesabu. Ulaini wake nao ulikuwa na kipimo chake, kinachojulikana na kila mpishi wa Kituruki: ndewe ya sikio. Aliniambia niishike ndewe yangu kwa vidole viwili, kisha niubonyeze unga. Unga wa mikate laini unatakiwa ufanane na ndewe. Wa yufka unatakiwa uwe mgumu kidogo kuliko hapo.

Yufka ni lile duara jembamba la unga ambalo ndilo tabaka la börek. Kwa anayetaka pa kuanzia, gramu 500 za unga wa ngano, kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya uvuguvugu yasiyozidi mililita 300 yanatosha kujifunzia. Hautiwi hamira wala mafuta. Unga hukandwa hadi uwe laini usioshika mikono, hufunikwa, na huachwa upumzike kwa nusu saa au zaidi. Katika mapumziko hayo kunatokea mambo mawili ambayo jicho haliyaoni. Maji, ambayo mkono hauwezi kuyagawa sawasawa, husambaa yenyewe hadi kila chembe ya unga ipate sehemu yake. Na gluteni, ule utando wa protini uliokazwa na ukandaji, hulegea. Baada ya hapo unga hukatwa madonge, nayo hupumzishwa tena chini ya kitambaa chenye unyevu. Teyze alikuwa mkali juu ya kitambaa hicho. Alikilowesha, akakikamua kwa nguvu zake zote, kisha akakikung'uta hewani kabla ya kukitandika, kwa sababu kitambaa kinachotiririka hulainisha ngozi ya donge ikanata, na kitambaa kikavu huiacha ikakauka na kupasuka mara tu inapoguswa na ufito.

Ufito wenyewe huitwa oklava. Ni mti mwembamba, unene wa kidole gumba, na urefu unaopita sentimita 70. Mimi nililelewa Tanga, katika nyumba ambayo chapati husukumwa kwa kijiti kifupi kinene, na kijiti hicho hufanya kazi kwa kubonyeza: unakiegemea, unga unasogea. Oklava hutumika kwa namna nyingine kabisa. Donge hutandazwa kwanza hadi lifikie ukubwa wa sahani, kisha ukingo wake hupandishwa juu ya ufito na unga wote huzungushiwa ufito huo. Viganja viwili huwekwa katikati, na huku vikiuviringisha ufito mbele na nyuma, huteleza taratibu kuelekea kwenye ncha. Uzito hauwi mkubwa. Unga hunyoshwa na mteremko wa viganja. Kisha hufunguliwa, hugeuzwa robo ya duara, hunyunyizwa unga mkavu, na kuzungushiwa tena. Yufka ya nyumbani kwa Teyze ilifikia upana wa karibu sentimita 60, na aliipandisha juu kuelekea dirishani ili aone kama mwanga unapita sawasawa kila mahali.

Nilipokuwa nikimtazama nilimkumbuka mama yangu akitengeneza manda za sambusa mwezi wa Ramadhani, maana kazi hizi mbili zinatafuta kitu kimoja kwa njia tofauti. Mama husukuma madonge madogo, huyapaka mafuta na kuyanyunyizia unga, huyapanga moja juu ya jingine, kisha huyasukuma yote kwa pamoja na kuyapitisha kwenye kikaango cha moto kidogo, halafu huyabandua moja moja. Wembamba wa manda hupatikana kwa sababu mafuta na unga mkavu hukaa kati ya tabaka na tabaka, na mvuke wa kikaangoni huyasaidia yaachane. Yufka husukumwa moja moja, kwa hiyo haina jirani wa kuisaidia. Wembamba wake wote unatokana na mapumziko ya unga na mikono ya msukumaji. Nimewahi kuwaeleza wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, namna mwenzake anavyofanya, na kila mmoja aliona ya mwenzake ndiyo ngumu.

Kuna jambo la unga wa kunyunyizia ambalo nataka nilikazie, kwa sababu mapishi mengi hulipita. Unga wa ngano unaonyunyizwa juu ya yufka hufyonza unyevu wa uso wa unga, na kidogo kidogo hugeuka kuwa sehemu ya yufka yenyewe, ikawa nzito na ngumu. Kwa yufka ya kawaida jambo hilo linavumilika. Kwa nyembamba sana, wapishi wa Kituruki hutumia wanga, ambao huitwa nişasta, kwa kuwa hauna protini ya kufanya gluteni. Hubaki mkavu juu ya uso, hupunguza kunata, na hupukutika kwa urahisi. Teyze alichanganya nusu kwa nusu, nami nimeendelea hivyo.

Vuli moja alinichukua kijijini kwao wakati wa kuandaa yufka za majira ya baridi. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mwanamke mmoja hukata na kuviringa madonge, wa pili husukuma juu ya meza ya duara ya mti iliyo chini chini, na wa tatu hukaa mbele ya sac, kikaango cha chuma kilichobinuka kama mgongo wa kobe, kilichowekwa juu ya moto wa kuni, akizigeuza yufka kwa kipande chembamba cha mti. Majirani huja nyumba hii leo, na kesho huenda nyumba ya pili. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kutengeneza na kugawana mikate hii myembamba katika orodha yake ya urithi usioshikika, kwa ombi la pamoja la Azerbaijan, Iran, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki, na mtu aliyewahi kukaa karibu na sac akisikiliza mazungumzo ya akina mama hao hahitaji kuelezwa sababu.

Yufka za kijijini hukaushwa kabisa, hupangwa kwa rundo, na hukaa miezi mingi bila kuharibika kwa kuwa maji yake yameondolewa. Siku ya kuliwa, hunyunyiziwa maji kwa vidole, hufunikwa kwa kitambaa, na baada ya muda mfupi huweza kukunjwa bila kuvunjika. Nilipoona hivyo ndipo nilipoanza kuyaangalia maji katika kila hatua ya börek. Tabaka lilelile lililopoteza maji yake yote vuli liliyapokea upya wakati wa baridi, kwa kipimo cha vidole vitano vya mwanamke mmoja, na likawa chakula.

Jijini wengi hawasukumi. Hununua kwa yufkacı, fundi anayetengeneza yufka dukani, ambazo huwa zimepitishwa kwenye moto kidogo tu ili zishikamane, zikakunjwa zikiwa bado laini. Hizo zinafaa sana, na sioni fedheha kuzitumia. Teyze mwenyewe alizinunua siku za kazi nyingi. Ila zinataka haraka. Ankara iko kwenye uwanda wa juu wa Anatolia, na hewa yake, hasa katika nyumba zenye vipasha joto majira ya baridi, ni kavu kiasi kwamba yufka iliyoachwa wazi mezani huanza kukatika kingo kabla hujamaliza kukata vitunguu. Kwa hiyo ujazo huandaliwa kwanza, mchanganyiko wa kupaka huandaliwa wa pili, sinia hupakwa mafuta, na pakiti ya yufka hufunguliwa mwisho.

Mchanganyiko huo wa kupaka ndio maji ya börek ya sinia. Nyumbani kwa Teyze ulikuwa mayai 2, glasi moja kubwa ya maziwa, na nusu yake ya mafuta, wakati mwingine na vijiko kadhaa vya mtindi. Kila kiungo kina kazi. Maziwa huirudishia yufka unyevu ilioupoteza kwenye moto wa fundi; yai hushika unyevu huo usikimbie wote ndani ya oveni; mafuta huingia kati ya tabaka na tabaka yakayazuia yasigeuke kuwa donge moja. Yufka hupasuliwa vipande visivyo na mpango na kutandazwa ikiwa na mikunjo, wala hainyoshwi. Mikunjo ile huacha nafasi za hewa, na ndani ya nafasi hizo mvuke hupata mahali pa kusukuma. Yufka iliyonyoshwa kama shuka hulala, na börek yake hutoka fupi na nzito. Wengi humimina pia kichupa cha maji ya madini yenye gesi juu ya sinia kabla ya kuoka. Wengine husema ni gesi inayoinyanyua börek. Kwa uzoefu wangu faida yake kubwa ni unyevu wa ziada unaogeuka mvuke kwenye oveni yenye moto.

Kisha sinia huwekwa kwenye friji usiku kucha. Nilipoambiwa hivyo nilitaka kujua kama ni desturi tu au kuna tofauti, nikapika masinia mawili ya aina moja, moja baada ya saa moja na jingine asubuhi iliyofuata. La kwanza lilikuwa na matabaka ya juu yaliyokauka na ya chini yaliyokuwa na umajimaji wa yai. La pili lilikuwa sawa kutoka juu hadi chini. Mchanganyiko ulikuwa umepata muda wa kuingia kila mahali, kama maji yanavyoingia katika unga uliopumzishwa.

Ujazo unahitaji maneno machache, kwa sababu kanuni yake ni moja: uingie ukiwa umekwisha kutoa maji yake. Spinachi mbichi hukatwa, husuguliwa kwa chumvi, na hukamuliwa mpaka maji ya kijani yaishe. Anayeikaanga na kitunguu huiacha kwenye moto bila mfuniko hadi sufuria ikauke. Nyama ya kusaga hukaangwa na vitunguu vingi na pilipili manga, kisha hupozwa kabisa, maana ujazo wa moto hutoa mvuke ndani ya sinia na kuilowesha yufka kabla ya wakati. Jibini inayotumika zaidi ni ile nyeupe inayohifadhiwa ndani ya maji ya chumvi. Teyze aliiloweka kwa maji baridi ili chumvi ipungue, akaikausha, akaiponda kwa uma pamoja na majani ya maydanoz, ambayo kwa macho yanafanana na kotimiri lakini ladha yake ni ya upole zaidi.

Kanuni hiyo ina mahali inapogeuzwa juu chini, na mahali hapo ni Eskişehir. Kutoka Ankara treni ya mwendo kasi, iliyoanza safari zake mwaka 2009, hukufikisha kwa takriban saa moja na nusu. Mji huo ulipokea Watatari wengi waliohama Crimea katika karne ya 19, nao walikuja na çiğ börek, nusu duara ya unga mwembamba inayotiwa nyama mbichi ya kusaga na kukaangwa katika mafuta mengi. Nyama hiyo huchanganywa na kitunguu kilichosagwa na huongezewa maji makusudi, ikawa karibu kumiminika. Ndani ya mafuta ya moto maji yale hugeuka mvuke papo hapo, huuvimbisha unga, na kuivisha nyama ndani ya dakika chache kabla unga haujaungua. Yanayobaki huwa mchuzi. Kingo zisipobanwa sawasawa mvuke hutafuta tundu, mafuta hurukia mikono, na börek hutoka bapa na kavu. Kwangu chakula hicho kilikuwa uthibitisho: maji yaleyale yanayoharibu börek ya sinia ndiyo yanayoipika hii, na tofauti iko katika moto na katika muda.

Nije sasa kwenye su böreği, jina ambalo lenyewe linataja maji. Wanawake wengi niliowafahamu Uturuki waliihesabu kuwa kipimo cha upishi, na mgeni anayepikiwa hiyo anapaswa kujua kwamba kuna mtu aliyesimama tangu asubuhi. Unga wake hukandwa kwa mayai: mayai 5, glasi moja ya maji, chumvi, na unga kadiri utakavyochukuliwa, ambao kwa kawaida huwa kati ya gramu 750 na 850. Mayai hayo yana sababu. Tabaka hizi zitachemshwa, na yufka ya maji matupu ikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupoteza umbo upesi, lakini protini ya yai huganda kwa joto na kulishikilia tabaka lisisambaratike. Unga hukatwa madonge 12, mawili kati yake makubwa kidogo kuliko mengine. Hayo mawili ndiyo tabaka la chini kabisa na la juu kabisa, nayo hayachemshwi.

Kando ya jiko hupangwa sufuria pana ya maji yanayotokota yaliyotiwa chumvi na mafuta kidogo, beseni la maji baridi sana, na kitambaa safi cha pamba kilichotandikwa. Tabaka huingia kwenye maji ya moto kwa kama dakika moja, huinuliwa kwa kijiko kipana cha matundu, hutumbukizwa kwenye maji baridi, kisha hulazwa juu ya kitambaa. Maji baridi husimamisha kuiva, na pia huosha wanga ulioyeyuka juu ya uso wa tabaka, ambao ukiachwa huwa gundi. Teyze aliyabadilisha maji ya beseni kila yalipoanza kuwa meupe. Kazi ya kitambaa ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa chakula hiki. Tabaka lisilokaushwa hupeleka maji ndani ya sinia, na samli haishikamani na maji, kwa hiyo huteleza hadi chini na kuyaacha matabaka ya juu bila mafuta. Tabaka lililokaushwa kupita kiasi nalo hushikana na kitambaa na kupasuka linapobanduliwa. Kati ya hayo mawili kuna muda mfupi ambao mkono huujua kwa kugusa: uso una unyevu, lakini kiganja hakiachi tone.

Tabaka la chini hulazwa likining'inia nje ya sinia. Juu yake huja yale yaliyochemshwa, yakiwa na mikunjo, kila moja likinyunyiziwa samli ya uvuguvugu. Katikati hutiwa jibini, kisha matabaka huendelea, na mwisho tabaka bichi la juu hufunika yote na kingo hukunjwa ndani. Nimejaribu kwa siagi na nimejaribu kwa samli, nami nimebaki na samli. Karibu asilimia 80 ya siagi ni mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji; katika chakula ambacho kimetoka kuchemshwa, sioni sababu ya kuyaongeza. Samli imekwisha kuchemshwa maji yake yakaisha, na ndiyo inayolikausha tabaka la juu hadi likavunjika kwa sauti huku ya katikati yakibaki laini mfano wa tambi. Ikitoka kwenye moto hufunikwa kwa kitambaa chembamba kwa dakika chache ili mvuke ulainishe uso kidogo, kisha hufunuliwa. Mfuniko wa sufuria haufai, kwa sababu mvuke hugeuka matone na kurudi juu ya börek.

Siku hizi wengi huioka ndani ya oveni, nyuzi 200, hadi iwe ya rangi ya dhahabu. Teyze aliipika juu ya jiko la gesi, akilizungusha sinia kidogo kidogo ili moto upite kila mahali, kisha akalifunika kwa sinia la pili, akaigeuza yote kwa mkupuo mmoja, na kuupika upande wa pili. Nilijifunza namna hiyo kwa bidii kuliko ile ya oveni, kwa kuwa nilijua ninakorudi.

Tanga ilinidai hesabu nyingine. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na shida niliyoiacha Ankara, ya yufka kukauka na kukatika, niliikuta imegeuka kuwa ya yufka kunata na kushikana. Sasa nasukuma alfajiri kabla joto halijapanda, natumia wanga mwingi zaidi na unga mchache, na unga wangu naukanda mgumu kidogo kuliko wa Ankara, kwa kuwa maji anayoyaacha mpishi pwani hurudi yenyewe kutoka hewani. Kitambaa chenye unyevu nimekibadilisha kwa kikavu. Jibini nyeupe ya maji ya chumvi ni adimu na ghali, kwa hiyo nachemsha maziwa, nayakata kwa ndimu, nayachuja kwenye kitambaa, na naiwekea jiwe juu usiku kucha ili itoe maji yote. Kisha naitia chumvi. Haina ukali wa ile ya Kituruki, lakini haiyeyuki, na inakaa vizuri kati ya matabaka. Habasoda ya kunyunyizia juu, ambayo Waturuki huipenda sana kwenye börek zao za sinia, hapa haitafutwi mbali. Na nyumba isiyo na oveni haikosi njia, maana sisi tumezoea kupalia makaa chini na juu kwa ajili ya mikate yetu ya sinia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko wa bati, na börek hukauka juu na chini bila kugeuzwa. Mfuniko huo nauinua mara mbili tatu katikati ya mapishi na kuupangusa upande wa ndani, kisha naurudisha.

Mama alipoionja kwanza aliuliza kama zile ni manda zilizochemshwa, na nilipomwambia ndiyo, alitaka kujua nilizikaushia wapi. Ramadhani iliyofuata tulisukuma pamoja, yeye kwa kijiti chake na mimi kwa oklava niliyotoka nayo Uturuki, naye akashika sehemu ya kitambaa kwa sababu kiganja chake kinaujua unyevu kuliko changu. Kipande kinachobaki baada ya futari hatukifuniki kikiwa cha moto, na wakati wa daku hukipasha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, bila mfuniko, upande wa chini ukitangulia.